Mzigo Ukiwa Hewani

Siku jua lilipopatwa, kaka yangu ndiye mtu pekee pale kazini ambaye hakuwa na haja ya kulitazama, na ndiye aliyelitazama kuliko sisi sote.

Tulikuwa tunajenga jengo la ghorofa nne kwenye kiwanja kilichobanwa na maduka pande mbili. Kaka alikuwa mpiga ishara wa kreni. Mwendesha kreni hukaa kwenye kibanda kidogo juu kabisa ya mnara wa chuma, na kutoka kule haoni kilicho nyuma ya kuta wala anayepita chini ya mzigo. Macho yake ni mpiga ishara, anayesimama chini na glavu za manjano, akimwambia kwa mikono: pandisha, shusha, zungusha, simama. Kaka aliianza kazi hiyo nikiwa shule ya msingi. Ada zangu zote, mpaka chuo, zilipitia kwenye mikono ile. Wenzake walimwita Mwewe. Walisema akiwa chini anaweza kukuambia ni fundi gani wa ghorofa ya nne hajafunga kamba ya kiatu.

Wapiga ishara wana sheria yao moja: mzigo ukiwa hewani, macho yako si yako. Hugeuki ukiitwa. Hutazami simu. Hata ukiambiwa nyumba yako inaungua, unauliza mzigo umefika wapi kwanza.

Mimi nilikuwa na miezi miwili tu pale, msaidizi wa usalama kazini, shahada yangu bado inanukia wino. Niliamini, na bado naamini, kwamba watu wakielezwa jambo kwa heshima wanalielewa. Ndiyo maana nilimfuata Msimamizi wetu, mtu wa maneno machache na kikombe kikubwa cha chai, nikamwomba kazi isimame kidogo jua litakapopatwa.

"Isimame kwa nini?" aliuliza. "Siku hiyo mwenye shida ni jua, sio mafundi."

"Bosi, tusipowapa nafasi wataibia kutazama kwa macho matupu. Bora watazame kwa utaratibu."

"Kwa utaratibu," alirudia, kama anayeonja chumvi. Akanywa chai. "Haya. Lakini ndoano ya kreni iwe tupu. Sitaki kitu hewani watu wakiwa wanashangaa mbingu."

"Hakitakuwepo kitu, Bosi."

Mhadhiri wangu wa zamani alinipa boksi la miwani ya karatasi, ile yenye utando mweusi unaozuia jua. Ukiivaa huoni chochote duniani isipokuwa jua lenyewe. Hata mkono wako uliouweka mbele ya pua huuoni. Asubuhi ya siku yenyewe niliwakusanya mafundi nikaigawa kwa mikono miwili, maana wengi wao wana umri wa baba yangu.

"Jicho lina hila moja," niliwaambia. "Jua likiliunguza kwa ndani, haliumi. Hutasikia kitu. Utajua jioni au kesho yake, ukikuta katikati ya kila unachotazama pana doa. Na hapo maji yameshamwagika."

Fundi mmoja wa matofali, tuliyemwita Spika kwa sababu ya sauti yake, alivaa yake akaanza kupapasa hewa, akaniita kwa jina la utani walilonipa. "Jamani, nani kazima taa? Profesa, hii miwani nitaivaa siku ya mshahara. Nisione kitu, nisiumie."

"Wewe siku ya mshahara huhitaji miwani," mwenzake akamjibu, "mkeo anakuonea yote."

Walicheka, nami nikacheka, na moyo ukatulia. Rubani, mwendesha kreni, alichukua mbili. "Mimi niko karibu nalo zaidi yenu," alisema, akaanza kupanda ngazi za mnara.

Kaka alipokea yake, akaikunja, akaitia mfuko wa kizibao chake.

"Utatazama, kaka?"

"Nikimaliza kazi. Mdogo wangu, jua nimelibeba mgongoni miaka yote hii, leo nilikodolee macho la nini?" Akanigonga kofia kwa kidole. "Lakini umeongea vizuri. Mama angekusikia angepiga vigelegele."

Lori la nondo, zile fito za chuma za kufungia zege, lilitakiwa kufika mapema. Lilichelewa. Lilipoingia, lilisimama katikati ya lango kiasi kwamba hata toroli halikuweza kupita. Msimamizi aliangalia saa, akaangalia lango, akaniangalia mimi.

"Furushi moja tu," alisema. "Lishushwe juu ya ghorofa ya tatu, lori litoke, ndoano iwe tupu."

Nilitaka kusema jambo. Nikajiambia muda upo. Redio ya mkononi ya kaka na Rubani ilikuwa imeharibika wiki ile, kwa hiyo walikuwa wanaelewana kwa mikono tu. Nililiona furushi likipanda, limening'inia kwa mikanda miwili, kaka akilisindikiza kwa kiganja. Kisha mtu akapiga kelele: "Limeanza!"

Nikavaa miwani.

Lilikuwa limemegwa kidogo pembeni, kama biskuti iliyoonjwa na mtoto. Sijui niseme nini zaidi. Nilikuwa nimesoma yote, michoro, hesabu, kivuli cha mwezi, lakini kusoma na kuona ni vitu viwili. Pembeni yangu Spika alikuwa kimya, na hilo peke yake lilikuwa tukio.

"Kumbe dogo hivi?" mtu alisema. "Siku zote nilidhani ni kubwa."

"Ona linavyoliwa na halilii," mwingine akajibu.

Mwanga ukaanza kupoa. Halikuwa giza. Ilikuwa kama chumba ambacho taa yake inakaribia kuungua. Nilipoinua miwani kidogo kuona ardhi, rangi ya matofali ilikuwa imechuja, na vivuli vyetu vilikuwa na makali kana kwamba vimekatwa kwa wembe. Ubaridi ukanipita shingoni. Nilikuwa na furaha kiasi cha kutaka kulia. Niliwaza: hawa wote wataenda nyumbani leo na kuwaeleza watoto wao, na macho yao yote salama.

Nikavua miwani ili nihakikishe hakuna anayetazama bila kinga. Wote walikuwa wamevaa. Wote uso juu, midomo wazi. Nikageuka nyuma.

Kaka alikuwa mahali pake pa siku zote, juu ya kichuguu cha kifusi. Uso juu, macho wazi, bila miwani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka ubavuni, kiganja kikitazama chini, ukipanda na kushuka polepole. Shusha. Shusha. Shusha.

Niliufuata mtazamo wake. Furushi la nondo lilikuwa bado hewani, limesimama. Nyuma yake, karibu kabisa, jua. Na juu zaidi, kwenye dirisha la kibanda, uso wa Rubani ulikuwa umeelekezwa mbinguni ukiwa na vipande viwili vyeusi mahali pa macho.

Nikaelewa kilichotokea. Rubani alipoona mwanga unapungua alisimamisha mashine, kama anavyotakiwa. Halafu akavaa miwani niliyompa. Na ndani ya miwani ile hakukuwa na mpiga ishara wala glavu za manjano. Kulikuwa na jua tu.

Hapo ndipo nikaona la pili. Jengo lilikuwa limeutia kivuli uwanja wote isipokuwa kile kichuguu cha kaka na ukanda mmoja, ule tuliouzungushia utepe mwekundu kwa sababu mizigo hupita juu yake. Mafundi wangu, hata Spika aliyekuwa pembeni yangu, walikuwa wameufuata mwanga hatua kwa hatua. Walikuwa wamevuka utepe. Walikuwa wamesimama chini ya nondo, wakishangilia.

Kaka alikuwa anapiga kelele, niliona shingo yake imetoka mishipa, lakini mashine ya zege ilikuwa bado inanguruma na hakuna aliyemsikia.

Nilikimbia. "Tokeni! Tokeni chini ya mzigo!" Nikamshika Spika kizibao.

"Ah, Profesa, ndio kwanza linanoga..."

Nikamvua miwani. Akatazama juu kwa kukunja uso, akaona kilichokuwa kinaning'inia juu ya kichwa chake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti ikamkauka. Kisha akawakumba wenzake kwa mikono yote miwili kama anayefukuza kuku bandani, wakatoka mbio, wengine bado wamevaa miwani na kugongana.

Nikarudi kwa kaka. "Wametoka! Funga macho!"

"Mzigo uko hewani."

"Kaka, funga macho, utapofuka!"

"Mkanda mmoja umeteleza." Hakunitazama. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Limeinama upande. Unaona? Linazunguka. Likichomoka linaingia ghorofa ya tatu, na wapiga plasta wako ndani."

"Vaa miwani basi!"

"Nikivaa silioni."

Ilikuwa kweli.  Furushi lilikuwa linazunguka taratibu kwa upepo, na kila lilipojipinda lilikuwa linalifunika jua kidogo, kisha linaliachia, na kila lilipoliachia nuru ilikuwa inatua moja kwa moja usoni mwa kaka yangu. Alikuwa hapepesi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Ule mwanga uliopoa ulikuwa umemdanganya kama ulivyotudanganya wote; ulikuwa unavumilika, na kinachovumilika hukifumbii jicho.

Kulikuwa na beleshi limechomekwa kwenye kifusi. Nikalichomoa, nikasimama ubavuni pake kwenye vidole vya miguu, nikaliinua bapa lake mpaka kivuli kikatua kwenye macho yake. Kikateleza. Nikakirudisha.

"Unaliona furushi?"

"Naliona. Usisogee."

"Jua je?"

"Umelifunika. Usisogee, dada."

Huwa haniiti dada. Mimi ni mdogo wake, ananiita mdogo wangu, au Profesa akitaka kunitania. Beleshi likaanza kuwa zito kama nondo zenyewe, na kile kivuli kidogo kikawa kinacheza kwenye paji lake la uso huku mimi nikiomba kwa sauti bila kujua naomba nini.

Aliyetuokoa ni Msimamizi. Alikuwa ametupa kikombe chake, akachukua kipande cha bomba, akawa anaupiga mnara wa kreni kwa nguvu zake zote. Mtetemo ukapanda. Kule juu ule uso wenye vipande vyeusi ukageuka, miwani ikatoka, na hata kutoka chini niliona Rubani alivyoshtuka. Akaona mkono wa kaka. Furushi likaanza kushuka, sentimita kwa sentimita, kaka akiliongoza mbali na ukuta, mpaka ncha za nondo zikagusa udongo kwa kishindo kidogo, na mkanda uliokuwa umebaki ukalegea.

Hapo ndipo kaka akafumba macho.

Watu walipiga makofi. Jua lilikuwa bado limemegwa, lakini hakuna aliyelikumbuka. Rubani alishuka ngazi mbio, akamshika kaka mabega.

"Mwewe, ndugu yangu, nisamehe. Nilidhani na wewe unatazama."

"Nilikuwa natazama," kaka alisema, na wenzake wakaangua kicheko cha watu waliotoka kwenye hatari. Mimi sikucheka.

"Macho yanauma?" nikamuuliza.

"Hayaumi hata kidogo."

Jibu hilo lingempa mtu mwingine faraja. Mimi nilikuwa nimewaambia asubuhi ile ile, kwa mdomo wangu, kwamba haliumi.

Mchana wote nilimfuatafuata. Nilimwomba twende kwa daktari wa macho. Akasema ataenda keshokutwa, siku yake ya mapumziko. Nilimwomba tena, akasema nisimfanye mgonjwa mbele za watu.

Naishi kwake, pamoja na wifi yangu na binti yao wa darasa la pili. Jioni tuliketi mezani sote wanne. Kaka alikula, alitania, aliuliza habari za shule. Lakini alipozungumza nami niliona kitu kilichonifanya niweke kijiko chini. Alikuwa anazungumza na sikio langu. Nikasogea kidogo, akalifuata sikio.

Binti yake akaleta kitabu. "Baba, nisomee."

"Soma wewe, mama. Leo nataka kukusikia."

Akasoma, kidole kikifuata mstari, na baba yake akaitikia kwa kichwa huku anatazama ukutani.

Dirisha la sebule lina nondo zilizosimama wima. Mtoto alipokwenda kulala nikamwambia kaka afunike jicho moja, azitazame, maana jicho lililoungua huona mistari imepinda. "Zimenyooka?"

"Kama rula."

"Na jicho la pili?"

"Kama rula, nimesema." Alijibu haraka mno, kabla mkono haujafika vizuri kwenye jicho.

Jikoni, wifi alifungulia bomba ili maji yafunike sauti zetu. "Wifi, kaka yako ana nini? Ananitazama kama mtu aliyekosea nyumba."

Nikamweleza. Alifunga bomba, akaegemea sinki. Akaendelea kujifuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Kesho wanapandisha mzigo?"

"Nondo za jana. Na mtungi mkubwa wa kubebea zege."

"Basi mimi sina la kusema," alisema polepole. "Nikimzuia ataniambia sijui kazi. Pale kazini mtu wa usalama ni wewe, wifi yangu. Sio mimi."

Sikulala vizuri, na sitasema zaidi kuhusu usiku ule. Asubuhi tulitembea pamoja kwenda kazini. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alisalimia watu kwa sauti kabla hawajafika karibu, mmoja wao alimwita kwa jina lisilo lake. Nilimwambia, "Kaka, nakusihi." Akasema, "Nimeamka vizuri. Niache."

Langoni Msimamizi alimsubiri. "Mwewe, uko sawa?"

"Niko sawa, Bosi."

Msimamizi akanitazama mimi. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilijiambia huenda ni kweli ameamka vizuri. Tumaini lina ulevi wake, na asubuhi ile nilikuwa nimelewa. Lakini miguu yangu haikukubali, ikanipeleka kwenye kile kichuguu cha kifusi, nikasimama nyuma ya bega lake.

Kabla mzigo haujaondoka ardhini, mpiga ishara huinua mkono wake wote, na mwendesha kreni hutoa wake dirishani na kuupunga. Maana yake wameonana. Bila hilo hakuna kinachonyanyuliwa. Mikanda ilifungwa, ikakaguliwa mara mbili kwa sababu ya jana. Spika na wenzake wawili walikuwa ukingoni mwa ghorofa ya tatu, tayari kupokea. Kaka akainua mkono.

Rubani akatoa wake papo hapo, glavu nyekundu, akaupunga.

Kaka hakuteremsha mkono. Aligeuza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, kama kuku anayekagua punje. Rubani akapunga tena, kwa nguvu zaidi. Kaka bado mkono juu.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila kugeuka: "Amenijibu?"

Nilihisi kama ardhi imeshuka hatua moja. "Amejibu, kaka. Muda mrefu."

Akavuta pumzi. "Nikikitazama kibanda, hakipo. Nikitazama pembeni yake, kinakuja. Nikikirudia, kinakimbia."

"Tuondoke hapa."

"Sikiliza. Simama hapo hapo ulipo. Wewe niambie tu unachoona, mikono ni yangu. Leo tu. Mpaka keshokutwa yatakuwa yamefunguka."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, kaka."

"Wewe una shahada." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mimi nina hii mikono. Nikiishusha leo, nitaingia pale nyumbani kama nani? Nimekuomba kitu gani maishani mwako? Niambie. Nimewahi kukuomba nini?"

Hakuwahi kuniomba chochote. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniua. Nilimwona kwenye mahafali yangu, suruali imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini, akipiga picha na kila mtu aliyevaa joho kana kwamba wote ni ndugu zake. Kama angeniomba damu ningempa kabla hajamaliza sentensi.

"Spika yuko ukingoni," nilisema. "Anasubiri mzigo. Wale uliokataa kuwafumbia macho jana ndio hao hao."

Kutoka juu mtu alipiga mluzi. "Mwewe! Umekufa umesimama?"

"Mwacheni, anaota!" mwingine akadakia.

Mkono wa kaka ulikuwa bado hewani. Dirishani ule wa Rubani pia, umetulia sasa, unasubiri. Nilisikia lori likipita barabarani na mtu akiburuta ndoo ya chuma ndani ya jengo. Sikuthubutu kumgusa.

Akainua mkono wa pili. Akaipishanisha yote miwili juu ya kichwa, ngumi kwa ngumi. Ni ishara ambayo haitumiki mara nyingi: simamisha kazi yote. Rubani akaurudisha mkono ndani.

Kaka alikwenda mwenyewe kwa Msimamizi. Nilimfuata lakini sikumshika mkono. Alisimama mbele yake akazungumza na bega lake la kushoto.

"Bosi, tafuta mtu mwingine wa ishara. Macho yangu yana doa."

"Tangu lini?"

"Jana jioni."

"Na langoni umeniambia uko sawa."

"Nimekuambia hivyo."

Msimamizi hakupandisha sauti. Afadhali angefoka. "Ungeniua mimi kwanza, Mwewe, ndipo uue watoto wa watu." Akanigeukia. "Na wewe. Umesimama hapo na cheti chako, umeniangalia machoni."

"Ndiyo, Bosi."

"Tutaongea." Akatoa ufunguo wa gari lake, akampa dereva wa lori aliyekuwa karibu. "Wapeleke hospitali ya macho. Sasa hivi. Na wewe Mwewe, ukitoka huko usiende kujificha nyumbani. Njoo uniambie walichosema. Sina mpiga ishara mwingine kama wewe na sitaki kumtafuta."

 Kaka alivua glavu, akazishika, akawa hajui aziweke wapi.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye mikono baridi na maneno yasiyo na haraka. Alimtia kaka matone, akamsubirisha, akamchungulia kwa taa, jicho la kulia, la kushoto, la kulia tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni nikihesabu vigae vya sakafuni na kupotea njiani kila mara.

"Pameungua," alisema mwishoni. "Padogo, lakini ni katikati, mahali pa kuonea sura na herufi. Macho yote mawili."

"Dawa yake?" kaka aliuliza.

"Hakuna dawa ya kuharakisha. Ni kusubiri. Watu wengi hupata nafuu, wiki baada ya wiki, miezi. Wengine hubaki na doa dogo. Siwezi kukuahidi wewe ni yupi."

"Na kazi ya kreni?"

"Kwa sasa, hapana."

"Kwa sasa," kaka alirudia.

Daktari alizima taa yake. "Mliniambia mtu alikukinga jua. Lingeendelea kidogo tu, leo tungekuwa na mazungumzo mengine." Hakusema kama pongezi. Aliandika tarehe ya kurudi, akamwita mgonjwa mwingine.

Tulikaa kwenye benchi nje, upande wenye kivuli, tukimsubiri dereva aliyekwenda kutafuta mahali pa kugeuzia gari. Yale matone yalikuwa yameacha mboni za kaka wazi, kubwa kama za paka gizani, kwa hiyo nilimfunika kichwa kwa mtandio wangu. Alikubali bila ubishi, na hilo lilinitisha kuliko maneno ya daktari. Nilitaka kumwambia yatarudi. Nilitaka kumwambia Msimamizi atamsubiri, wifi ataelewa, nitatafuta kazi ya pili jioni. Yote niliyaamini kwa moyo wangu wote, na hakuna hata moja nililokuwa na haki ya kuliahidi. 

Watu walipita mbele yetu, mmoja ana bandeji jicho moja, mwingine anaongozwa na mkewe.  Kisha mtandio ukatingishika.

"Lilikuwaje?"

"Nini?"

"Jua. Spika alikuwa anasimulia jana mchana kutwa mpaka povu linamtoka. Rubani naye. Wote mmeliona." Alicheka kidogo, pumzi tu. "Mimi nilikuwa naangalia nondo."

Nilimrekebishia mtandio kichwani. 

"Lilikuwa limemegwa," nilianza, "limebaki kama..."

"Taratibu, mdogo wangu, usiruke." Aliutafuta mkono wangu kwenye benchi, akaukosa, akaupata. "Anza pale lilipokuwa bado zima."